Machi hadi Machi: shajara ya kalenda ya Pocahontas, 1883–1884

Agosti, mwanzoni

Kazi imeanza. Tunatengeneza kalenda ya ukutani kwa Kiswahili, ya familia za Wakongo, Warundi na sisi Watanzania wachache tunaoishi Roanoke, Virginia. Kila ukurasa utakuwa na mwezi mmoja, na juu yake picha na maelezo ya jambo lililotokea mwezi huohuo zamani, katika ukanda huu wa makaa ya mawe na reli. Treni zinapita katikati ya mji mchana na usiku. Watoto wetu huhesabu mabehewa wakisubiri kuvuka, na ukiwauliza makaa yale yanatoka wapi wanakujibu "milimani", basi. Wazazi wao nao hawana la kuongeza.

Kamati ni ndogo: mimi niliyewahi kufundisha historia Kigoma, dada mmoja mchoraji, kijana wa kompyuta, na mzee wa Lubumbashi ambaye baba yake alikuwa mfanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi ya huko. Mzee ndiye anayeijua migodi. Sisi wengine tunajua kusoma tu.

Jambo la kwanza lilikuwa kuchagua mwaka. Kijana alitaka 1882, kwa kuwa ndiyo mwaka ambao kijiji cha Big Lick kilibadilishwa jina kikawa Roanoke, na mwezi Juni reli ya Shenandoah Valley ikafika hapa na kukutana na ile ya Norfolk and Western. Sensa ya 1880 iliwakuta hapa watu 669. Ilipofika 1890 walikuwa zaidi ya 16,000. Ni hoja nzuri, ila mji haukukua kwa kupewa jina jipya. Ulikua kwa sababu ya kitu kilichokuwa kinasubiriwa huko juu, kama kilomita 150 magharibi.

Mimi nikaleta pendekezo la kalenda isiyoanza Januari. Tarehe 12 Machi 1883 behewa la kwanza la makaa liliondoka Pocahontas, kwenye mpaka wa Virginia na West Virginia. Tarehe 13 Machi 1884 mgodi uleule ulilipuka. Mwaka mmoja na siku moja. Mzee hakutaka mjadala mrefu: "Mwalimu, hapohapo. Usisogeze tarehe hata moja."

Tumekubaliana.

Agosti, mwishoni

Ukurasa wa Machi 1883 umeandikwa na umevuka nafasi. Huwezi kueleza behewa moja bila kurudi nyuma miaka kumi.

Makaa yale yalijulikana zamani. Mhunzi aliyeitwa Jordan Nelson alikuwa akiishi karibu na pale ambapo tabaka la makaa lilikuwa limejitokeza ubavuni mwa kilima, unene wake futi 13, yaani karibu mita nne. Akichimba hapo makaa ya kufulia chuma, na majirani akiwauzia senti moja kwa busheli, kipimo cha ujazo cha kama lita 35. Mwaka 1873 alifika mpima ardhi, Isaiah Welch, akakagua eneo lile kwa niaba ya Jedediah Hotchkiss, yule aliyekuwa mchora ramani wa Jenerali Stonewall Jackson wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Hotchkiss alikaa na habari ile miaka, akitafuta wenye fedha. Kuanzia 1880 alikuwa hata na jarida lake la kila mwezi mjini Staunton, la kuinadi mali ya ardhini ya Virginia na West Virginia.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji atulie. Tabaka la mita nne, makaa safi yenye salfa kidogo na majivu kidogo, yasiyotoa moshi mwingi, na bei yake ni senti moja kwa busheli! Kilichokosekana ni njia. Mwezi Februari 1881 reli iliyofilisika ya Atlantic, Mississippi and Ohio ilipigwa mnada Richmond, ikachukuliwa na nyumba ya fedha ya E. W. Clark ya Philadelphia kwa zaidi ya dola milioni 8. Wakaiita Norfolk and Western. Mtu wao, mhandisi Frederick Kimball, alipanda milimani mwaka huohuo akaliona tabaka la Nelson kwa macho yake. Kuanzia hapo reli iliyokuwa ikiishi kwa kubeba pamba na mazao ya shamba ikapata kazi nyingine. Likajengwa tawi jipya la kama kilomita 120 kufuata mto New River. Wakati huohuo kampuni ya Southwest Virginia Improvement ilianza kuchimba makaa na kujenga mji mahali palipokuwa pakiitwa Powell's Bottom, reli ikiwa bado iko njiani.

Behewa likaondoka tarehe 12, likafika Norfolk, kwenye bahari ya Atlantiki, tarehe 17. Mzigo ulikuwa umeandikiwa meya wa mji, William Lamb. Nilipomsomea mzee hapo alicheka hadi akavua miwani. "Cha kwanza kimepelekwa kwa mkubwa! Kumbe ni kote."

Nimekata aya mbili na bado ni refu. Dada mchoraji anasema niendelee kukata.

Septemba, wiki ya pili

Tumeorodhesha miezi na tarehe tulizo nazo. Machi ipo. Oktoba, Novemba, Januari zipo. Machi ya pili, ndiyo yenyewe. Zilizobaki hazina tukio la kutundikia picha, au linakuwa tukio la karatasi tu, kama Kimball kuwa rais wa kampuni ya reli ndani ya 1883. Mtoto wa miaka kumi na mbili hatasimama mbele ya ukuta kusoma kwamba bwana fulani kapandishwa cheo.

Kijana alipendekeza tujaze kwa matukio ya dunia. Nimekataa. Ukishaweka mlipuko wa volkano ya Krakatoa kwenye ukurasa wa Agosti, kalenda imeshatoka nje ya reli.

Tumeamua miezi mitupu iwe ya kazi. Mwezi mmoja uonyeshe mchimbaji alivyochimba, mwingine matanuri ya koki (makaa yaliyochomwa ya kuyeyushia chuma), mwingine mataruma na upana wa njia, mwingine waliokuja kutafuta ajira. Kazi hizo zilifanyika kila siku ya mwaka ule, kwa hiyo hatumdanganyi mtu tukiziweka Mei au Julai.

Septemba, mwishoni

Tulikwenda Pocahontas Jumamosi, kamati nzima na watoto wachache.

Mji ni mdogo sana sasa. Mgodi wa kwanza ulifungwa mwaka 1955, ila sehemu yake ilikuwa imeshafunguliwa kwa wageni tangu 1938, nao ni mgodi wa kwanza Marekani kufanywa maonyesho. Unaingia kwa miguu, umesimama wima, jambo lililomshangaza mzee kuliko yote. Alikuwa amejiandaa kuinama. Ukuta wa makaa uko kushoto na kulia, mweusi unaong'aa, na ukiinua mkono haufiki darini. Ndani ni baridi ya kudumu, kama nyuzi 11 za Selsiasi, kiangazi na masika sawa. Watoto walikuwa wamevaa fulana.

Mzee aligusa ukuta, akasugua kidole na kidole, akatuonyesha. Unga mweusi laini umeingia hadi kwenye mistari ya ngozi. Hakusema kitu cha hekima. Alisema, "Huu ukipeperuka ni baruti." Kisha akaomba kitambaa.

Nimeandika maelezo ya ukurasa wa Mei palepale ndani, nikiwa nimeegemea reli ya vibehewa. Mchimbaji wa 1883 aliingia na sururu, beleshi, tindo ndefu ya kutobolea na baruti nyeusi. Taa yake ilikuwa kibuyu kidogo cha mafuta kilichotundikwa mbele ya kofia, moto wazi, utambi nje. Alikata chini ya ukuta akiwa amelala ubavu, akatoboa juu, akajaza baruti, akawasha, akakimbia. Makaa yakishaanguka aliyapakia mwenyewe kwenye kibehewa, na kibehewa kikavutwa na nyumbu, yule mtoto wa punda na farasi, si wa Serengeti. Malipo yalikuwa kwa mzigo. Saa alizotumia kuweka nguzo za kushikilia dari hazikumpa senti, na nadhani kila mwenye akili anaona mfumo kama huo unamfundisha mtu nini kuhusu nguzo.

Ndani ya mgodi waliacha vyumba na nguzo za makaa yenyewe: unachimba chumba, unaacha pande la ukuta lishikilie mlima, unachimba chumba kingine. Watoto walielewa hilo haraka kuliko mimi, wakaanza kuchezea kujificha.

Baada ya hapo tulipanda makaburini. Nitaandika siku nyingine.

Oktoba, wiki ya kwanza

Ukurasa wa Juni, upana wa njia ya reli. Mfupi, na mimi naupenda.

Mwaka 1883 reli za Kusini, Norfolk and Western ikiwemo, zilikuwa na upana wa futi 5, yaani milimita 1,524. Shenandoah Valley iliyotoka kaskazini ilikuwa na upana wa 1,435. Zilikutana hapa Roanoke na hazikuweza kupishana mabehewa hivihivi. Ni kubadilisha magurudumu au kuhamisha mzigo. Tofauti ya milimita 89, kiganja cha mtu. Msomaji aliyewahi kufika Kidatu, pale TAZARA yenye milimita 1,067 inapokutana na reli ya kati ya mita moja, hahitaji maelezo zaidi. Reli za Kusini zilisogezwa kwa pamoja mwishoni mwa Mei na mwanzoni mwa Juni 1886, kwa hiyo mwaka wetu wote ulikuwa mwaka wa kuhamisha.

Oktoba, katikati

Mabishano ya kwanza makali. Nilileta ukurasa wa Oktoba: tarehe 1 Oktoba 1883 chuo cha Waafrika-Wamarekani kilifunguliwa Petersburg, Virginia, kikiwa na wanafunzi 126, walimu saba wote weusi, na maktaba ya vitabu 200. Leo ni Chuo Kikuu cha Jimbo la Virginia. Kijana akauliza makaa yako wapi hapo.

Nikamwonyesha. Ile reli iliyopigwa mnada 1881 ilikuwa na deni kwa jimbo la Virginia, na jimbo lilipolipwa, dola 100,000 zilitengwa kujenga chuo hicho. Muswada uliletwa na mbunge mweusi, wakili Alfred W. Harris, na ukawa sheria Machi 1882. Wapinzani walikwenda mahakamani, ufunguzi ukacheleweshwa zaidi ya mwaka mmoja. Nyuma ya yote alikuwepo William Mahone, jenerali wa zamani wa Kusini ambaye ndiye aliyeiunganisha reli ile kabla haijafilisika, na ambaye sasa alikuwa kinara wa chama kilichochanganya wapiga kura weusi na weupe. Kwa hiyo reli ileile iliyouzwa ikapanda mlimani kufuata makaa, na fedha ya kuuzwa kwake ikajenga madarasa Petersburg, mji ambao treni ya makaa ilipita kila ilipokwenda Norfolk.

Kijana akasema ni siasa. Dada akasema ni historia. Mzee aliuliza swali moja tu, kama waliopigilia mataruma ya tawi la New River walikuwa weusi. Wengi, ndiyo. "Basi weka shule ya watoto wao."

Imewekwa.

Oktoba, mwishoni

Ukurasa wa Novemba umekuwa na mambo mawili yasiyopendana, na nimeshindwa kuacha lolote.

La kwanza linatokana na lile la Oktoba. Tarehe 3 Novemba 1883, Jumamosi, siku tatu kabla ya uchaguzi wa bunge la jimbo, wazungu wenye silaha waliwafyatulia risasi watu weusi barabarani Danville, kusini mwa Virginia. Weusi wasiopungua wanne waliuawa, na mzungu mmoja. Habari zilienezwa jimbo zima kuwa weusi ndio walioanza. Tarehe 6 chama cha Mahone kikashindwa, na njia iliyokuwa imefunguka kwa weusi wa Virginia ikaanza kufungwa. Danville haikuwa kwenye reli yetu. Lakini mtu mweusi aliyeamua mwaka ule kuacha shamba la tumbaku na kwenda kupakia makaa milimani hakuwa anafuata mshahara peke yake. Alikuwa pia anaondoka mahali. Ukurasa wa wahamiaji ukija, msomaji awe ameshalijua hilo.

La pili ni la Jumapili tarehe 18 Novemba. Siku hiyo kampuni za reli za Marekani na Kanada zilianza kutumia saa za kanda. Kabla ya hapo kila mji ulikuwa na adhuhuri yake kwa jua. Nimepiga hesabu: kati ya Pocahontas na Norfolk kuna nyuzi tano za longitudo, kila nyuzi dakika nne, kwa hiyo jua la utosi liliwafikia wa Norfolk dakika 20 kabla ya wachimbaji. Kuanzia siku hiyo saa ya stesheni ikawa moja, na treni mbili zinazotumia njia moja zikawa na nafasi kubwa zaidi ya kutogongana. Watu waliambiwa adhuhuri yao imesogezwa na kampuni, wakarekebisha saa zao.

Dada amechora saa mbili za ukutani, moja dakika 20 mbele. Nimemwomba aondoe maandishi ya Kirumi, watoto hawayasomi.

Novemba

Kazi ya usiku imenibana na zamu zimeongezwa kwa sikukuu, kwa hiyo ni nusu ukurasa tu. Matanuri ya koki yamekamilika. Makaa ya Pocahontas huchomwa kwenye tanuri la matofali lenye paa la duara, hewa ikiingia kidogo, siku mbili au tatu, hadi gesi na lami zitoke na kubaki kaboni ngumu. Hiyo ndiyo koki, na bila koki huyeyushi chuma kwa wingi. Ndiyo maana hata hapa Roanoke, chini ya mlima, tanuri la chuma la Crozer lilijengwa katika miaka ileile. Mzee amesahihisha mchoro: moshi utoke juu, si mlangoni.

Desemba, wiki ya kwanza

Ukurasa wa wahamiaji umewekwa Septemba. Ndio uliokuwa mwepesi kuandika na ndio umesomwa kwa sauti mara nyingi nyumbani kwangu.

Kampuni ilikuwa na makaa kuliko mikono. Wenyeji wa kaunti ya Tazewell walikuwa wakulima, hawakuwa na haraka ya kuingia ardhini. Wakachukuliwa weusi kutoka mashariki mwa Virginia na North Carolina, wakaja wachimbaji wazoefu kutoka Pennsylvania na Wales, na mawakala wakawafuata Wahungari waliokuwa wanashuka melini New York. Wahungari wale walipewa tiketi ya treni, nauli ikiandikwa deni. Wakafika kwenye mji ambao nyumba ni ya kampuni, daktari ni wa kampuni, na duka kubwa la matofali lililojengwa mwaka uleule wa 1883 ni la kampuni.

Mke wangu aliposikia hapo kwenye nauli kuandikwa deni akaniangalia. Sisi wakimbizi na wahamiaji wa hapa tunaijua barua ya kukumbusha kulipa nauli ya ndege. Nimeiacha bila kulinganisha kwenye kalenda. Atakayeona ataona.

Desemba, mwishoni

Ukurasa wa Januari 1884: Roanoke inapewa hadhi ya jiji. Miaka miwili tu tangu iitwe Big Lick, na ilikuwa imekaribia watu 5,000. Hoteli ya reli juu ya kilima, karakana kubwa ya Roanoke Machine Works, barabara za matope ambazo kila aliyefika alizilalamikia. Watu walitaka mji uitwe Kimball, yeye akakataa, ukachukua jina la mto. Picha ni kilima chenye hoteli na matope mbele yake. Tumemaliza kwa jioni moja, hakuna aliyebishana, labda kwa kuwa tunapapita kila siku.

Desemba 1883 tumewapa nyumbu. Februari 1884 tumeipa feni, kwa sababu ukurasa unaofuata hauelewiki bila feni. Mgodi mkubwa unapumuliwa: feni mlangoni inavuta au kusukuma hewa, milango ya mbao ndani inaielekeza chumba hadi chumba, na kijana mdogo anakaa kwenye kila mlango kufungua nyumbu akipita. Kwenye mgodi wenye gesi, hewa huiondoa. Kwenye mgodi mkavu wenye unga mwingi, hewa ileile hukausha unga zaidi.

Januari

Ukurasa wa mwisho. Nimeuacha hadi sasa kwa makusudi, na hata hivyo umechukua wiki.

Usiku wa manane, tarehe 13 Machi 1884, zamu ya usiku ikiwa ndani, mgodi wa Laurel, hapo Pocahontas, ulilipuka. Waliokufa hawakupungua 114. Hakuna aliyekuwa ndani aliyetoka hai. Walikuwemo Wahungari, weusi, wazungu wa hapa na wa mbali. Nguvu ya mlipuko ilitoka nje ya lango na kuvunja feni, kwa hiyo waliojaribu kuingia kuokoa waliingia kwenye hewa isiyosogea, iliyojaa kaboni monoksidi, na moto ukiwa bado unawaka mbele yao. Waliziba malango ili moto ukose hewa. Haukuzimika, wakaujaza mgodi maji. Miili ilianza kutolewa baada ya wiki kadhaa, maji yalipovutwa. Makaburi tuliyopanda mwezi Septemba yalianzishwa kwa ajili yao. Juu ya kilima kile kuna mawe yenye Kihungari na lugha nyingine za Ulaya ya mashariki, ya waliokuja miaka ya baadaye, na kuna majani matupu ambapo wa 1884 walizikwa kwa pamoja.

Sababu iligombaniwa. Chama cha wahandisi wa migodi cha Marekani kilituma watatu, Bramwell, Buck na Williams, na ripoti yao iliweka vumbi la makaa katikati ya mjadala, wakati ambapo wahandisi wengi hawakuamini kuwa vumbi linaweza kufanya kazi hiyo. Namna lilivyofanya inaelezeka: mwali mdogo, wa gesi au wa baruti iliyofyatuka vibaya, unatikisa unga uliotulia sakafuni na kwenye mihimili. Unga ukiwa hewani unawaka mara moja, na mshindo wake unatimua unga mwingine mbele, ambao nao unawaka, hivyohivyo hadi mwisho wa njia au hadi ukuta wenye maji. Serikali ya Marekani ilianzisha idara ya migodi mwaka 1910 tu, na mwaka 1911 ikalipua vumbi hadharani kwenye mgodi wa majaribio wa Bruceton, Pennsylvania, ili wenye migodi waone. Baadaye ikawa kawaida kupulizia unga wa chokaa juu ya unga wa makaa ili usiwake.

Mzee alisoma rasimu yote akiwa amesimama. Alitaka neno "ajali" liondoke. Hoja yake ni kwamba mwaka mzima mgodi ulikuwa unachimbwa kwa kasi ya reli, si kwa kasi ya feni. Mabehewa yalikuwa yanasubiri nje, na behewa tupu ni hasara. Nilimjibu kwamba siwezi kuandika wakubwa walikuwa wanajua. Akasema sikuambiwa niandike hivyo. Tumeandika "mlipuko" kote na "ajali" haimo. Nadhani yuko sahihi, na sababu yake ndiyo kalenda yenyewe: tabaka lilikaa pale miaka kwa senti moja busheli bila kumuua mtu mmoja kati ya hao, hadi njia ilipofika.

Dada hakutaka kuchora moto. Amechora lango la mgodi mchana, feni imeinama, na watu wamesimama mbali kidogo na mlango. Ndiyo picha bora ya kalenda nzima.

Januari, mwishoni

Tatizo la kiwanda cha chapa: kalenda zao ni za kurasa kumi na mbili, sisi tuna Machi mbili. Mtu wa pale alitushauri tuunganishe Machi ya kwanza na ya mwisho ukurasa mmoja. Tumekataa kwa kauli moja, jambo la nadra kwenye kamati hii. Machi 1884 itachapwa nyuma ya jalada, ukubwa uleule, gridi ya siku ikiwepo. Gharama imepanda. Kanisa moja na msikiti mmoja wamechangia tofauti, na wamama wa ushirika wa chakula wakamalizia.

Tuliulizwa tena kuhusu majina ya waliokufa. Orodha zipo lakini tahajia za majina ya Kihungari zinagombana orodha kwa orodha, mengine yameandikwa kwa sikio la karani wa Kiingereza. Tumeamua kutoyachapa kwenye kalenda ambayo itachanwa kila mwezi. Yataingia kwenye karatasi ya kubaki, itakayokunjwa ndani, kila jina na namna zake zote.

Februari

Kalenda zimerudi kutoka kwa mchapaji. Rangi nyeusi ya ukurasa wa Mei imetoka ya kijivu, mengine mazuri. Kijana amezigawa baada ya ibada na baada ya swala ya Ijumaa, na mwalimu mmoja wa shule ya msingi ameomba za darasa zima, pamoja na maelezo ya Kiingereza, ambayo mimi sasa inabidi niyaandike.

Simu mbili hadi sasa. Mama mmoja wa Uvira anauliza kwa nini mwaka wake unaanzia Machi, na kama ni kosa la kiwanda arudishiwe. Baba mwingine amesema mwanawe hapiti tena kivukoni kimya, anasimulia bei ya busheli.

Mzee anataka ya mwaka kesho iwe 1888, mwaka ambao handaki la Elkhorn lilifunguliwa na reli ikavuka mlima kuingia bonde la Elkhorn, West Virginia. Nimemwambia nipumzike kwanza hadi Pasaka. Kijana ameshaanza kuchora ramani.